Wilfred wa Ng'ambo

Alcide Narcisse alijigeuza mtu mwingine siku ya Jumamosi asubuhi, akiwa ndani ya lori lake kwenye foleni ya mizani ya kiwanda cha sukari, kikombe cha kahawa kikiwa kimebanwa katikati ya mapaja. Malori ya miwa yalikuwa yamejipanga mbele yake mpaka kona ya bohari, na nyuma yake mpaka barabarani. Redio zote zilikuwa kwenye stesheni moja. Msimu wa kusaga miwa, Jumamosi asubuhi, hakuna dereva wa Pointe Clovis anayesikiliza kitu kingine zaidi ya kipindi cha mtangazaji Hollis, ambamo watu hupiga simu kubishana juu ya mechi ya shule ya jana yake.

Walikuwa wanamsifu mwanawe. Delvin alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na katika mpira wao ule wa umbo la yai, unaobebwa mikononi na kurushwa hewani, yeye alicheza beki wa mwisho. Ndiye anayesimama nyuma ya wenzake wote ili kitakachowapita wao kisimpite yeye. Mji ulimwita Nyundo. Ijumaa ile alikuwa amemkumba kijana wa timu ya wageni mpaka kiatu kikamvuka mguuni, na sasa kila aliyepiga simu alikuwa na lake kuhusu hicho kiatu.

"Hollis, mimi nilikuwa mstari wa tatu," mama mmoja alisema. "Kile kiatu nilikisikia kikitua."

"Kilitua wapi, mama?"

"Kwenye bango la yule muuza matairi! Mwenyewe kasema hakioshi, anakitundika dukani!"

Foleni nzima ilicheka, kila dirisha na kicheko chake. Alcide hakucheka. Yeye alikuwa ameona jambo jingine. Kabla ya kiatu, mpira ulirushwa mbali mara mbili, ukapita juu ya kichwa cha Delvin, na mara zote mbili mpokeaji wa wageni alikuwa huko nyuma peke yake, ametulia kama mtu anayesubiri basi. Bahati yao, mrushaji alikuwa na mkono mbovu. Mpira ukaanguka nyasini, watu wakashangilia, na habari ikaishia hapo.

Alikuwa amemwambia mwanawe jambo hilo nyumbani, siyo mara moja. Juzi tu, mezani, alichukua kichupa cha chumvi na cha pilipili akamwonyesha. Huyu ni mrushaji, huyu mwenzake. Mrushaji anajifanya anampa mwenzake mpira, wewe unatoka mbio kwenda kugonga, kumbe mpira bado anao, na nyuma yako hakuna mtu. Delvin alitazama vichupa vile, akatazama kofia yake ya kuchezea iliyokuwa kitini, imejaa vibandiko vidogo vya nyundo. Kocha alimbandikia kimoja kila alipomwangusha mtu kwa kishindo. Kwa pasi iliyozuiwa, kocha hakuwa na kibandiko.

"Baba, mji mzima unasema niko sawa," Delvin alisema, bila ubishi, kama anayesoma bei dukani. "Ni wewe tu."

Ni wewe tu. Maneno hayo Alcide aliamka nayo, akanywa nayo kahawa, akapakia nayo miwa. Naye alikuwa beki wa mwisho zamani zake, akigonga watu mpaka wakamwogopa, na chuo kimoja kilimchukua kisha kikamrudisha nyumbani kabla ya Krismasi kwa sababu hakuweza kuchunga pasi. Hakutaka mwanawe aje kuendesha lori hili. Basi, ikiwa mtoto anausikiliza mji, na awepo mtu wa mji wa kumwambia.

Akapandisha kioo, akapunguza redio, akapiga simu.

"Uko hewani! Nani mwenzangu?"

Alcide aliipeleka sauti puani. "Naitwa Wilfred."

"Wilfred wa wapi?"

"Wa ng'ambo ya mto."

"Haya, Wilfred wa ng'ambo, tuambie."

"Mimi yule kijana namheshimu, na ninachosema nasema kwa heshima. Lakini kwenye pasi anapewa sifa asizokuwa nazo. Ukimtega kidogo tu, anatoka mbio kwenda kugonga. Ni kama nyumba nzuri, bwana, ina mlinzi mwenye misuli, mbele pale hapiti mtu. Lakini mlango wa nyuma uko wazi."

"Weeee!" Hollis alifurahi, maana kipindi kilikuwa kimeanza kupoa. "Mlango wazi! Jamani, mmemsikia?"

Simu zilifurika. Alcide aliteremsha kioo. Octave, dereva wa lori la mbele na rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa amekwisha shuka, anakuja huku ameshika kiuno.

"Umemsikia huyo mpumbavu?"

"Nimemsikia."

"Wa ng'ambo! Ni wivu tu, hawana mtoto hata mmoja anayejua kukaba. Kama ni mimi, ndugu yangu, ningemtafuta."

"Mwache," Alcide alisema. "Kila mtu na maoni yake."

Kahawa ilikuwa imepoa. Aliinywa hivyo hivyo.

*

Mwanzoni jambo lilikwenda kama alivyotaka, na hilo ndilo lililomtesa baadaye.

Alipofika nyumbani, mkewe Earline alikuwa anakaanga kambare kwa unga wa mahindi, na Delvin ameketi mezani kimya. Redio ya dirishani ilikuwa imezimwa.

"Baba," Delvin alisema, "hebu nionyeshe tena ile ya chumvi na pilipili."

Alcide alikaa hata kofia hajavua. Alimwonyesha mara nyingi mpaka samaki wakapoa. Jumapili walitoka nyuma ya nyumba, baba akirusha mpira, mtoto akijifunza kukimbia kinyumenyume bila kuangalia miguu. Jumatatu vivyo hivyo, wakati jua linazama na moshi wa mashamba yaliyochomwa umetanda chini. Alcide alikuwa na mkono wa mzee, lakini alirusha. Na kila Delvin aliposimama mahali pake, akakataa kudanganywa, baba alipiga makofi akasema, "Hapo!" Earline aliwatazama kupitia wavu wa mlango. Hakukumbuka lini mara ya mwisho aliwasikia hao wawili wakicheka pamoja.

Lakini neno lililotoka redioni halikubaki uani kwao.

Lilifika kwa kinyozi, ambako wanaume wawili waligombana mpaka mmoja akaondoka na nusu ya kichwa haijanyolewa. Lilifika kanisani. Baada ya ibada, huku watu wameshika sahani za kuku, shemasi Prosper alisema kwamba beki ni kugonga, pasi ni kazi ya wenzake wa pembeni.

"Shemasi, wewe ulicheza lini?" aliuliza Bi Theola, mpiga kinanda, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa mechi. "Beki wa mwisho akikosea hakuna wa kumsahihisha nyuma yake. Mtoto anagonga vizuri, nampenda. Lakini macho yake yanakwenda kwa mwenye mpira kama inzi kwenye mboga."

"Ah, Theola! Na mama yake yule pale!"

"Mama yake anajua nampenda."

Earline alitabasamu kama inavyopasa kanisani. Jumanne, jikoni shuleni, ambako yeye hupakua chakula, kijana mdogo aliyevaa miwani alipokea wali wake akasema, "Ahsante, Mama Mlango." Wenzake nyuma wakabana vicheko. Earline aliushikilia ule upawa hewani, mchuzi ukidondoka juu ya meza ya bati, kisha akampakulia anayefuata. Msimamizi wake alimwambia afute meza.

Jioni hiyo alimngoja mumewe avue viatu.

"Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto, Alcide."

"Najua."

"Kuna Wilfred wawili kule. Mmoja amelala kaburini, mwingine ana miaka tisa." Alikuwa anakunja nguo, hakumtazama. "Na huyo wa redioni, kabla hajamtukana mtu, anasema anamheshimu. Mimi namjua mwanamume mmoja tu mwenye tabia hiyo."

Alcide alishika kiatu mkononi. "Nilitaka ajifunze. Na si anajifunza? Umemwona mwenyewe."

"Nimemwona. Nimemwona pia anakula nusu sahani. Shuleni wameandika 'mlango wazi' kwenye kabati lake la nguo. Mwambie."

"Ijumaa anakuja Kocha Brandt kumtazama. Sasa nimwambie leo, nimvuruge? Nitamwambia baada ya mechi."

Kocha Brandt alikuwa wa chuo kimoja cha jimbo, na mwezi uliopita alisema kwa simu kwamba nafasi ya Delvin, karo, chakula na chumba, ilibaki kutiwa sahihi tu, ila angependa kumwona kwa macho yake. Mambo hayo Alcide alikwisha kuwaambia kiwanda kizima.

"Baada ya mechi," Earline alirudia. Alichukua nguo zake akaenda chumbani.

*

Wanafunzi wa shule ya wageni walikuja na mlango.

Mlango hasa, wa mbao, wa kijani, na bawaba zake, wameung'oa sijui wapi. Waliupandisha jukwaani wakiwa wanne, wakauegemeza kwenye uzio, na kabla mechi haijaanza walikuwa wanaufungua na kuufunga, wakibisha hodi kwa pamoja, "Ko-ko-ko! Nyundo yupo?" Baadhi ya watu wa Pointe Clovis wenyewe walicheka. Muuza matairi alicheka, yeye mwenye kiatu dukani.

Alcide alikaa na Earline katikati ya jukwaa la nyumbani. Alimwona Kocha Brandt chini karibu na uzio, mwanamume mrefu mwenye kofia ya bluu, akitafuna kijiti. Alimwona Delvin akiingia uwanjani. Kijana alitazama mlango mara moja tu.

Mchezo ulipoanza, Alcide aliona mara moja kwamba yule si Delvin wa wiki iliyopita. Alisimama mbali. Mrushaji wa wageni alijifanya kumpa mwenzake mpira, Delvin hakujongea hata hatua. "Hapo," Alcide alisema kwa sauti ndogo. Mrushaji akajaribu tena, hakudanganyika. Basi wageni wakaacha kujifanya. Wakampa kweli mwenzao mpira, kijana mfupi mwenye mapaja kama magogo, akapita katikati, na mahali ambapo wiki zote Nyundo alikuwa akitua kama ukuta ulioanguka, safari hii palikuwa na uwazi. Delvin alikuwa bado nyuma kule anachunga pasi isiyokuja. Alipofika, kijana wa mapaja alikuwa amekwisha vuka mstari.

"Mgonge!" watu walipiga kelele. "Nyundo! Amka!"

"Kakaa nyuma kama bibi harusi!"

"Si mlimsema nyie wenyewe! Haya, sasa anachunga!"

Wageni walirudia mchezo ule ule na ule ule. Kocha wa shule alikuja mpaka ukingoni, amekuwa mwekundu, anamwashiria Delvin kwa mikono miwili asogee mbele, na Delvin alisogea kidogo, kisha miguu ikamrudisha. Mlango jukwaani uliwekwa chini. Haukuwa na kazi tena.

Halafu, wakati mechi ilikuwa imekwisha haribika, mrushaji alirusha mbali. Mpira ulipanda juu ya taa, ukashuka pembeni kabisa, na mpokeaji wao, mwepesi kuliko wote, alikuwa ameunyooshea mikono. Delvin alikuwa naye. Alikuwa naye tangu mwanzo, bega kwa bega, hajamgusa, anakimbia kama kivuli chake. Akaruka, akautia mpira ncha za vidole tu. Ukageuka hewani ukaanguka.

Makofi yalikuwa machache. Watu wengi walikuwa wanatafuta funguo za magari. Delvin aliinuka, nyasi zimemganda kwenye kofia, na hakumtazama Kocha Brandt wala kocha wake. Aliangalia juu jukwaani, akatafuta, mpaka akamwona baba yake.

Alcide alikuwa ameinamisha uso mikononi, akihesabu mabao. Earline alimpiga kiwiko. Alipoinua kichwa, mtoto alikuwa amekwisha geuka.

*

Kocha Brandt aliwakuta kwenye gari. Alivua kofia mbele ya Earline.

"Mna kijana mwenye adabu," alisema. "Nimezungumza naye. Anamtazama mtu machoni."

"Leo haikuwa siku yake," Alcide alisema. "Lakini ile pasi ya mwisho, uliiona? Hiyo ni kazi ngumu kuliko zote."

"Niliiona. Nzuri sana." Kocha aligeuza kofia mkononi. "Tatizo, Bwana Narcisse, sikuendesha gari mbali hivi kwa ajili ya pasi. Kuchunga pasi tunafundisha wenyewe, tuna mwalimu mzima wa kazi hiyo. Ile njaa ya kugonga ndiyo hatuna wa kuifundisha. Mtoto anakuja nayo au haji nayo. Leo nimemtafuta Nyundo, sikumwona."

"Alikuwepo wiki iliyopita," Earline alisema.

"Nimeambiwa, mama."

"Basi rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo niko mahali pengine. Nina nafasi moja na vijana wanne." Alimpa Alcide mkono. "Tutawasiliana."

Alcide aliushika mkono ule muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa. Alitaka kusema jambo lile, lote, pale pale, kwamba kosa si la mtoto. Lakini mtu alikuwa anapita na familia yake, akasalimia, na Kocha Brandt akavaa kofia yake akaenda.

Delvin alitoka ameoga, begi begani. Njia nzima alikaa kiti cha nyuma, magoti yamegusa kiti cha mama yake. Walipolipita shamba la mwisho lililokwisha vunwa, akasema, "Mnadhani kesho atapiga simu?"

"Kocha?" Alcide aliuliza.

"Wilfred."

Earline aligeuza uso dirishani. Alcide alishika usukani kwa mikono miwili kama anayejifunza kuendesha.

"Sijui," alisema.

"Ningependa apige," Delvin alisema. "Nione atasemaje."

Earline alingoja. Walifika nyumbani, taa ya ukumbi wa mbele ikiwaka, na Alcide alizima gari akabaki anatazama mbele, na Delvin akangoja kidogo na begi lake mapajani. Kisha akafungua mlango akashuka.

*

Asubuhi Delvin hakuwepo kitandani. Earline alisema aliondoka na baiskeli kabla hajanywa chai, hakusema aendako. Alcide alichukua lori akaenda zake, akapakia miwa, akaingia kwenye foleni.

Hollis alikuwa na kazi nyepesi siku hiyo. Watu walikuwa wamechukia. Mmoja alisema kocha wa shule afukuzwe. Mwingine alisema yeye alijua tangu zamani kwamba yule kijana alikuwa anabebwa na jina. "Na yuko wapi Wilfred wetu?" Hollis aliita. "Wilfred wa ng'ambo, mji wote unakungoja! Njoo uchukue sifa zako, bwana, ulisema!"

Alcide alipiga. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Foleni ikasogea, akasogea nayo, simu sikioni. Safari hii hakupandisha kioo.

"Uko hewani!"

"Hollis, mimi ni Alcide Narcisse. Baba yake Delvin."

"Ah! Bwana Narcisse. Pole sana kwa jana."

"Wilfred ni mimi."

Redio hukawia kidogo, na sasa ndipo sauti yake ilipoanza kutoka kwenye madirisha ya malori, mbele na nyuma, ikimfuata: Wilfred ni mimi. Aliona kichwa cha Octave kikichomoza dirishani na kugeuka.

"Unatania, bwana."

"Sitanii. Nilitaka ajirekebishe, na mimi hanisikilizi, ndivyo nilivyodhani. Nikasema mbele ya watu jambo ambalo lilikuwa la jikoni kwangu. Ule mlango nimeutengeneza mimi. Jana mtoto amecheza alivyocheza kwa sababu yangu." Akasogeza simu karibu na mdomo. "Na kuna pasi moja jana. Watu walikuwa wanaondoka. Alikimbia na yule kijana mwepesi mpaka mwisho, hakumgusa, akautoa mpira kwa kidole. Mimi katika maisha yangu sikuwahi kuweza kufanya hivyo. Hata siku moja. Ndilo nililotaka kusema."

Hollis akasema, "Haya. Ahsante, Bwana Narcisse," akapokea simu nyingine haraka.

"Hollis," alisema mtu wa simu hiyo, "mimi nasema baba mtu mwenyewe kakiri kwamba kijana hajui pasi!"

"Hakusema hivyo, sikiliza vizuri!" aliingilia mwingine, na ubishi ukaanza upya.

Alcide alizima redio yake. Haikusaidia kitu, zilikuwepo za wengine. Alipoinua macho alimwona Delvin anakuja kwa miguu kutoka upande wa mizani, akipita kando ya malori moja baada ya jingine. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya njano ya kiwanda, ya kuazimwa, imempwaya kichwani. Madereva walimtazama akipita. Akasimama chini ya dirisha la baba yake.

"Unafanya nini huku?" Alcide aliuliza.

"Wanataka mtu wa kuchukua sampuli za miwa, mwisho wa wiki. Nimeandikisha jina."

"Hii si kazi yako, Delvin."

"Ni ya mwisho wa wiki tu, Baba." Alishika ukingo wa dirisha. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa plasta pamoja, vile vilivyougusa mpira. "Nimekusikia. Kila lori nimesikia kipande."

"Nilikuwa nikwambie jana."

"Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Mimi na Mama tulikuwa jikoni. Uliposema unaniheshimu tu, nikazima redio."

"Ulijua?" Alcide alichungulia dirishani. "Ukaja kuniambia nikuonyeshe chumvi na pilipili? Kwa nini hukusema kitu?"

Delvin aliinua mabega. Alitazama kikombe cha kahawa kilichobanwa mapajani mwa baba yake.

"Ulikuwa unatoka nami nyuma ya nyumba kila jioni," alisema. "Nikajua nikisema nimejua, utaacha."

Nyuma honi ilipigwa, ikafuata nyingine. Mbele Octave alikuwa amekwisha ingia mizanini, na kati yao palikuwa pamebaki nafasi ndefu tupu.

"Songa, Baba," Delvin alisema, akarudi nyuma hatua mbili kupisha gurudumu. "Unafunga foleni."